Jembe la Ng'washi kwenye Kompyuta ya Bujiku

Bujiku ni jirani yangu hapa Somanda, mjini Bariadi. Tunatumia chumba kimoja cha kazi: mimi nasuka nywele, yeye anatengeneza video za harusi kwa kompyuta ambayo ofisi fulani iliichoka kabla yeye hajaota ndevu. Ni mbishi huyo! Ukimwambia anunue mpya, anaipangusa vumbi na kukununia.

Mama yake, mayu Ng'washi, alikuwa mcheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, kule Kasoli. Alirusha jembe juu, likazunguka, akalidaka nyuma ya shingo bila kukosea pigo la ngoma. Wote walimwona isipokuwa yeye mwenyewe. Kisha kiharusi kikamshika upande wa kulia, na macho nayo daktari akasema yanakwenda. Bujiku alikuwa na video yake moja tu, iliyopigwa na mgeni kwa kamera kubwa. Alitaka mama aione kabla giza halijamfikia.

Akamleta. Video ikawa inakwama: jembe liko juu, mara liko mkononi, katikati hakuna kitu. Mayu akageuza uso, akaomba arudishwe nyumbani. Bujiku aliumia jamani. Siku hiyo hata ugali wangu aliukataa, na yule hakatai ugali.

Akaenda Mwanza kutafuta kadi ya grafiki, kile kifaa kinachoisaidia kompyuta kuchora picha. Akapata iliyotumika, lakini nzima. Kufungua kompyuta, kadi haiingii; kibati cha kushikia diski kimeizuia. Akakitoa, akaisukuma kadi mpaka ikakaa, akaifunga skrubu. Pawa saplai ya zamani, ile inayogawa umeme ndani, haikuwa na waya wa kuilisha kadi, nayo akaibadilisha. Mayu akaletwa tena, akakalishwa kwenye kiti changu cha wateja. Bujiku akawasha. Feni zikazunguka, skrini nyeusi tii.

"Umeiua," nikamwambia, "na mama yako yumo humo ndani."

Nina mdomo, najua. Akapiga magoti nyuma ya mashine, akapapasa nyaya, mara akaanza kucheka peke yake. Waya wa skrini alikuwa ameuchomeka kwenye tundu lile lile la zamani, si kwenye la kadi mpya. Akauhamishia kwenye kadi.

Mungu wangu! Jembe lilipaa, tukaliona likigeuka hewani, jua likiwaka kwenye makali yake, likashuka taratibu nyuma ya shingo na mkono ukalipokea kana kwamba ulikuwa unalisubiri. Vumbi la miguuni tuliliona likinyanyuka. Mteja niliyekuwa namsuka mkekani aliinuka na kichwa kilichosukwa nusu, na mimi nilisahau kumkalisha tena. Mwili ulinisisimka, machozi yakanitoka, wala sioni aibu kusema.

Mayu alisogezwa mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Akatazama hadi mwisho, kisha akamtafuta mwanawe kwa ule mkono wa kushoto, akamshika.

"Kumbe ndivyo mlivyokuwa mnaniona," akasema.