Kikombe cha Shangazi Damari

Nilikuwa dukani kwangu Chimala, nampimia mteja mchele, simu ilipoita. Alikuwa mdogo wangu Shedrack.

"Dada, kaa chini kwanza."

Sikukaa.

"Shangazi Damari ametutoka."

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimetumiwa kwenye simu, kutoka hifadhi ya filamu za serikali, ile sinema aliyotamani kuiona tangu utotoni. Nilipanga kumpelekea Jumapili baada ya ibada.

Akiwa darasa la kwanza, watu wa serikali walifika kijijini kwao, karibu na Mafinga, kupiga sinema ya kuhimiza kilimo bora na unywaji wa maziwa. Walimchagua yeye anywe kikombe, mama yake akiwa kando. Hata ng'ombe walimleta wao wenyewe kwa lori. Gari la sinema liliporudi kuonyesha picha uwanjani pa shule, Damari alikuwa amelazwa kwa surua. Kijiji kizima kilimwona isipokuwa yeye mwenyewe, wakambandika jina Damari wa Maziwa. Haukupita muda mama yake akafariki, bila kuacha hata picha moja.

"Sitaki kujiona mimi," aliniambia siku moja akikamua, maana alifuga mpaka mwisho na watoto wa jirani hawakukosa kikombe kwake. "Nataka kumwona mama. Sura imenitoka."

Njia nzima kwenda msibani nilifungua simu, nikafunga, nikafungua. Bwana, hata Jumapili isifike? Mwanamke wa kwenye sinema anaonekana upande tu. Je, kama si yeye?

Msibani sikutulia. Nilipewa mchele nichague, nikauacha, nikatoka nje, nikarudi. Mwisho nikamfuata baba mkubwa Ezekia, kaka wa marehemu, aliyebaki peke yake wa kumkumbuka mama yao. Nikamwekea simu karibu na macho.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

"Ndiye, baba?"

"Ndiye. Mtazame anavyomkanyaga mguu Damari asiteme. Hakuyapenda maziwa yule!"

Akacheka, kisha akalia, na sisi wote pamoja naye.

Tadeo, mtani wetu Mngoni, akadakia: "Kumbe! Wahehe ninyi, miaka yote mnatutambia maziwa, na yeye alikanyagwa?"

Siku ya mazishi Tadeo alikaa mlangoni, kama ilivyo ada ya watani, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kikombe cha maziwa. Akapewa. Akamwomba baba mkubwa amkanyage mguu, naye akamkanyaga. Mchungaji alisubiri amalize kunywa.

Tukaimba, tukamzika kando ya mama yake. Baba mkubwa alitupa udongo kwanza, nami nikafuata. Baada ya sala ya mwisho nilichukua ndoo nikaenda zizini, kwa kuwa ng'ombe wake alikuwa hajakamuliwa tangu asubuhi.