Badia ya Mwenye Jibu

Enzi zetu, wenzangu, swali lilijibiwa kwa kichwa, tena baada ya kuitika. Nakumbuka barazani kwetu Mji Mkongwe, alasiri tukitoka chuoni, mimi na kaka yangu Suleiman na bakuli la urojo katikati yetu, badia za dengu zikielea mchuzini. Harufu ya embe mbichi na ndimu imetujaa puani, mate yanatutoka. Hakuna kula mpaka tuulizane, na mwenye jibu hula badia ya mwenziwe; akikosa, yake ndiyo inaliwa.

Kaka alipenda bendi za roki, za kaseti alizoletewa na mjomba wetu baharia. Gita lake la debe na mshipi wa kuvulia liliukera mtaa mzima. Mimi nilipenda alama za uandishi. Basi akiniuliza: gita la besi lina nyuzi ngapi? Nani hushika mwendo wa bendi? Nami nikimuuliza: mkato kazi yake nini? "Kupumua," akijibu, na badia yangu ishafika kinywani mwake. Mama akitusikiliza dirishani. "Mtu akiitwa aitike naam," akituambia, "si kutoa macho kama mbuzi."

Watoto wa leo huuliza simu, wakajibiwa kabla hawajamaliza kutafuna, na kabla ya kumeza washasahau. Ujumbe wao hauna nukta wala mkato. Nikiusoma nahema mimi. Nawacheka, lakini siku hizi kicheko hakinikai.

Kaka alipata kiharusi, yuko Uroa kwa binti yake. Daktari kasema azungumzishwe. Kila Ijumaa nampelekea urojo na maswali yetu yale yale, na njia nzima nayakariri majibu mwenyewe. Mwezi uliopita nilimuuliza nani hushika mwendo, na mpiga dramu akampotea kabisa. Ijumaa hii nilianza kwa woga.

"Kaka Suleiman."

"Naam."

"Gita la besi lina nyuzi ngapi?"

"Nne."

"Mkato kazi yake nini?"

"Kupumua."

Nilishukuru mpaka machozi yakanitoka. Nikampa badia. Akaimega, kipande akakiweka pembeni, akaniambia kwa adabu, "Hiki muwekee mdogo wangu Mwanaidi, Bi. Akikosa jibu hulia."

Mwanaidi ni mimi.

Enzi zile nikiiogopea badia yangu tu. Sasa Ijumaa nyingine inakuja, na lipo swali moja ambalo sitaki kumuuliza.