Alisema Anataka Kupumzika

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo sijaweza kuiacha nyuma. Nimeishi Mpanda, nikavuka hadi Kalemie, nikashuka hadi Mpulungu. Kila nikifika, naikuta imenitangulia.

Wakati huo wakimbizi Warundi walikuwa wakivuka ziwa kwa maelfu. Nilikuwa nimetoka Ilagala na cheti changu cha kidato cha nne, na kwa kuwa Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, nikaajiriwa kuwa mkalimani katika zahanati ya kambi. Jumapili niliimba kwaya. Kanisani kwetu tulifundishwa kwamba kuzuia mimba ni kumfungia Mungu mlango.

Siku hiyo aliingia Spesiyoza, mama wa watoto sita, ameshikwa mkono na mama yake mzazi. Uzazi wa mwisho ulimtoa damu nusura afe. Nesi wetu, mwenyeji wa Moshi asiyejua Kirundi, akaniagiza nimweleze kwamba mimba nyingine ingemuua, na kwamba ipo sindano ya kupanga uzazi. Nilimweleza, ila kwa sauti ya mahubiri. Akanijibu taratibu, "Ndashaka kuruhuka." Nataka kupumzika.

Nesi akauliza amesemaje.

"Amekataa," nikasema. "Anasema watoto ni wa Mungu."

Nikamgeukia Spesiyoza, nikamwambia sindano zimekwisha. Akashukuru, akaenda.

Mwaka haukuisha, tukamzika. Mama yake alinikuta pale makaburini, mgongoni amembeba kichanga cha marehemu. Nilipompa pole, alinijibu kwa Kiswahili cha Ujiji, alikowahi kuuza mawese ujanani.

"Nilikusikia uliposema amekataa. Nikanyamaza, maana mkimbizi habishani na mwenyeji. Tutaulizwa sote wawili. Lakini niambie, kijana, Mungu wako ni bubu hata umsemee?"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini nimeuona ukichimba kaburi.

Sikukatazi imani yako. Mimi mwenyewe bado naimba. Ukitaka watoto kumi, zaa na uwalee. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanamke akikwambia amechoka, awe mkeo, dada yako au mgeni, lipokee neno lake kama alivyolisema, ulifikishe lilikotumwa. Dini yako ikuongoze wewe. Usiitie kinywani mwa mwingine.

Mungu akupe ulimi mwaminifu, mwanangu, na safari zako ziwe za kwenda mahali, si za kukimbia.