Kidole cha Zulma

Jumapili, tarehe 14 Novemba 1937. Manyunyu tangu alfajiri. Moshi wa migodi ulilala juu ya mapaa ya mji wa La Louvière, Ubelgiji.

Siku hiyo Zulma Hautecoeur, mtumishi wa Profesa Lambillotte kwa miaka ishirini na sita, alivaa gauni lake la kanisani ingawa kazi yake ilikuwa jikoni. Saa tisa picha ya Profesa ingefunuliwa sebuleni, na Zulma alitaka neno moja tu lisemwe mbele za watu.

Wanafunzi wa zamani wa Profesa ndio waliomwagiza picha hiyo mchoraji Dacosse, mmoja wa wale wanaochora ndoto kana kwamba wamezishika. Profesa alikaa mbele yake mara moja, akachoka. Alikuwa anaandika kitabu juu ya utu wa binadamu. Akasema koti linatosha, avikwe Zulma. Basi Jumapili kumi na moja Zulma alikaa kitini ndani ya koti la bwana wake, mikono magotini, huku viazi vikimngoja. Dacosse alikuwa akimwambia atulie, asiifiche mikono. Hakuna aliyewahi kuitazama kwa muda mrefu hivyo. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilipondwa na kigari cha makaa alipokuwa na miaka kumi na mitatu, akichambua mawe mgodini, kikapona kimepinda.

Saa tisa kitambaa kilipovutwa, wageni walisogea karibu. Pahali pa kichwa palikuwa na kilima cha makapi ya makaa, kikifuka moshi chini ya kofia. Kisha koti. Na magotini mikono ya Zulma, kila mshipa, kila ufa ulioletwa na sabuni.

Bibi Ghislaine, mke wa wakili, alianza kusifu. Kichwa hakukielewa, lakini mikono ile ni ya mtu aliyefikiri sana. Mwingine akaeleza kwamba kidole kilichopinda ni shaka, mama wa falsafa. Profesa akaitikia kwa kichwa taratibu, vidole vyake kumi vilivyonyooka vimeshika glasi.

Zulma aliweka chini sinia la keki. "Hiyo mikono ni yangu."

Wakacheka. Akamgeukia mchoraji. "Waambie, bwana. Si ulikuwepo?"

Dacosse aliwatazama kwanza waliomwagiza. "Katika uchoraji wetu, mama, mkono hauna mwenyewe."

Bibi Ghislaine akataka walinganishe. Zulma akainua mikono, na kila mtu akakiona kidole kilichopinda. 

"Mbwa akikaa sana na bwana wake," Profesa akasema kwa upole, "huanza kufanana naye. Haya Zulma, gawa keki."

Safari hii walicheka hata wakafuta machozi. Zulma akagawa.

Wageni walipoondoka, Profesa alimletea glavu nyeupe za marehemu mama yake. Tangu sasa azivae akihudumu, alisema, watu wasipate kishawishi cha kulinganisha. Zulma akajibu, "Ndiyo, Profesa."

Jumatatu mvua ilikatika, kukawa na baridi kavu. Zulma alivaa glavu, akashuka kwenye ghala la chini, akajaza ndoo makaa kwa mkono, bonge moja moja. Akawasha jiko. Bila kuzivua, nyeusi kama zilivyokuwa sasa, akakata mkate, akaupaka siagi, akampelekea Profesa pamoja na kahawa. Kisha akaenda kwenye meza ya kuandikia, akazipanga kurasa za kitabu, moja baada ya nyingine, kama alivyofanya kila asubuhi.