Rundo la Pamba na Kurasa Zilizobaki

Pamba iliyolala ndani ina harufu yake: vumbi, majani makavu, mafuta ya mbegu, na kwa mbali ile dawa ya wadudu inayokataa kutoka hata baada ya jua la miezi miwili. Kila msimu wa mavuno harufu hiyo ilijaa nyumba yetu, katika kijiji kimoja kati ya Bariadi na Maswa, mpaka tukaila kwenye ugali. Chumba cha watoto ndicho kilichokuwa ghala. Tulikatazwa kulala juu ya rundo, tukalala juu ya rundo, na mpaka leo sijapata godoro lililonipendeza kuliko lile.

Asubuhi pamba ilitolewa uani, ikamwagwa juu ya turubai, na wanawake wakaketi kuizunguka na kuichambua. Pamba safi upande huu. Pamba fifi, yenye madoa ya wadudu na vipande vya majani, upande ule. Karani wa ushirika alikuwa na tabia ya kuzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwapani akitafuta fifi iliyofichwa, na aliyekamatwa alirudishwa na mzigo wake mbele ya watu. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo majirani walisaidiana, leo kwetu, kesho kwa Mama Kabula. Na kwa kuwa kazi ile ilishika mikono ikaacha masikio bure, mama yangu alibuni jambo lake: mtoto mmoja asichambue, asome. Mtoto huyo nilikuwa mimi, Minza, mwenye miaka kumi na mdomo usiochoka.

Mwaka ninaousema, mjomba alituletea kutoka Maswa kitabu kinene kisicho na jalada, kisa cha mjane aliyempeleka shemeji yake mahakamani baada ya kunyang'anywa shamba. Nilisoma kwa Kiswahili, kisha nikaeleza kwa Kisukuma, maana Kiswahili cha wengi wa kina mama wale kilikuwa cha sokoni tu. Kurasa mbili ziliweza kula asubuhi nzima. Walinikatiza, walimtukana shemeji, wakagombana kama mjane alikosea kuolewa mbali. "Rudia hapo," Mama Kabula alikuwa akisema, "huyo shemeji namjua, anakaa hapa hapa kijijini!" Mama yangu hakujua kusoma hata jina lake. Lakini kila jioni alikichukua kitabu, akazibana kurasa zilizobaki kati ya vidole viwili, akautazama unene wake, kisha akalitazama rundo. Alitaka pamba na kurasa viishe pamoja. Kurasa zikizidi, kesho yake kina mama walichambua kwa madaha. Pamba ikizidi, niliambiwa nisome polepole.

Msimu huo huo ndipo soko la pamba lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, na sifa yao ilifika kabla ya vumbi lao: hawa hawabagui. Safi, fifi, majani, vyote gunia moja. Kijiji kilishangilia, na sikilaumu. Nani anapenda kuinamia turubai mchana kutwa? Majirani waliuza pamba yao kama ilivyotoka shambani. Baba naye akauza ya kwake. Ikabaki ya shamba la mama, na robo ya kitabu, mjane amesimama mbele ya hakimu na hukumu haijatolewa.

Mtu wa mjini ataniuliza kwa nini hatukusoma tu bila pamba. Kwetu mwanamke mzima hakuweza kukaa mchana, mikono mitupu, akisikiliza hadithi; angeitwa mvivu, na mume wake angechekwa kilabuni. Usiku mafuta ya taa yalikuwa ya kubania. Pamba ndiyo iliyokuwa ruhusa yetu. Ikipakiwa bila kuchambuliwa, hukumu ile mama asingeisikia.

Baba alirudi akamkuta ameimwaga uani.

"Mama Minza, lori linaondoka kesho kutwa. Likikuacha, utakaa na hiyo pamba mpaka mvua zikukute nayo."

"Nitakuwa nimemaliza."

"Sasa unachambua ya nini? Hawa hawabagui!"

"Wao hawabagui, Baba Minza," mama alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nabagua."

Baba akapiga teke debe tupu, akaondoka. Nilidhani tutabaki wawili. Lakini asubuhi yake Mama Kabula, ambaye kwake hapakuwa na pamba hata ya kutengeneza utambi, aliingia uani. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama, akaketi, akatia mkono kwenye rundo letu. Wakamfuata wengine wanne. Aliyepita njiani aliona wanawake wakifanya kazi, basi, wala hakuwa na la kusema.

Tulimaliza saa chache kabla ya lori. Hakimu alimpa mjane nusu ya shamba. "Nusu?" Mama Kabula alisimama, pamba ikamwanguka mapajani. "Soma tena, umeruka!" Nilisoma tena, ilikuwa nusu. Walibishana mpaka lori likapiga honi. Vijana wa lori wakaimwaga pamba ya mama, nyeupe isiyo na jani, juu ya takataka za kijiji kizima. Nililia kwa hasira. Mama alinifuta uso kwa kanga yake. "Waache wachanganye," alisema. "Hukumu tumeisikia."

Sasa mimi ni mwalimu katika mji wa Nyashimo, na naambiwa vitabu vya karatasi vimepitwa na wakati. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Sina ugomvi na simu; ninayo, na kishikwambi kimoja kinabeba vitabu vingi kuliko nilivyoviona utotoni mwangu mwote. Lakini nyumbani kwangu tunakaa watu wanne, kila mmoja ameinamia kioo chake, na binti yangu akichukizwa na shemeji wa kitabuni, mimi sijui. Mama yangu alikuwa msomaji pasipo kujua herufi, kwa sababu kitabu kilikuwa na unene wa kushikwa na kilisomwa mbele za watu. Ukiniambia hilo ni la kizamani, utakuwa umenikuta siku mbaya. Na ile sauti inayosema mambo ni rahisi sasa, tieni vyote gunia moja, naijua vizuri; mara ya kwanza niliisikia ikishuka kwenye lori. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami sijaacha.

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha walimu, lilitolewa pendekezo kwamba chumba cha vitabu kiwe stoo ya madawati mabovu, kwa kuwa vishikwambi vimefika. Mwalimu mkuu, kijana mwenye adabu zake, aliniuliza kwa upole, "Mwalimu Minza, nani bado anavisoma?"

"Darasa la tano. Kila Ijumaa. Mmoja anasoma, wenzake wanabishana."

"Watoto wote wale, kitabu kimoja kinawatosha?"

"Kinawatosha kwa sababu ni kimoja."

Alinyoosha mkono, akaniomba ufunguo. Nilimwambia ufunguo ninao, nikakunja mikono, nikangoja ajenda inayofuata.