Maiti Asiyeweza Kunyamaza

Kwenye mafunzo yetu, maiti ni mimi. Nalala juu ya benchi pana la mbao, kwenye chumba cha nyuma cha msikiti wetu hapa Remera, nafumba macho, nafunikwa kitenge cha zamani, na akina mama wananizunguka na maji yao. Nilijipa kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Wote walisema ni kujitakia mkosi. Mimi ni fundi cherehani, magoti yangu yamechoka, na kulala kidogo mchana si jambo la kuniogopesha.

Kuosha walikuwa wanajua. Niliombwa niwafundishe kuongoza. Kila mmoja alitoka msikiti wa mtaa wake, ambako wapo wanawake wanaojitolea kuwaosha wanawake wenzao wanapofariki, na lazima awepo mtu wa kusema nani amimine maji, nani ashike kitambaa, nani atolewe nje kwa sababu kilio kimemzidi. Hakuna anayelipwa. Mfanyakazi wako ukimgombeza ananuna, lakini kesho anarudi. Anayejitolea ukimgombeza anakujibu kwa tabasamu, "Nta kibazo, Mama," hakuna shida, na kesho yake simu haipatikani. Hayo niliwaambia siku ya kwanza, nikajiona nina hekima sana.

Miongoni mwao alikuwepo mmoja wa Busanza, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, muuza maharage. Alipojitambulisha alieleza jambo moja tu. Mama yake alifariki alfajiri, ghorofa ya tatu, kwenye majengo mapya ya huko Busanza walikohamishiwa, na hapakuwa na mtu wa kumwosha. Majirani walikuja, wakakaa, wakalia. Waoshaji walipopatikana kutoka mjini, alasiri ilikuwa imeadhiniwa. "Mama yangu alingoja siku nzima," alisema. "Mimi sitaki mwingine angoje." Alichokuwa anakitaka kwangu ni neno langu kwa imamu wao, kwamba Busanza sasa ina kiongozi wake. Nami sikuwa tayari kulitoa.

Kwa sababu alikuwa hashikiki. Mikono yake ilikuwa mizuri, laini, inajua mahali pa kwenda, lakini ilikuwa inafanya kila kitu. Anamimina yeye, anageuza yeye, anafuta yeye. Wenzake aliokuja nao kufanya mazoezi walisimama na taulo mikononi kama wageni waliosahauliwa arusini. Jumamosi ya pili nilishindwa kuvumilia. Nikiwa chini ya kitenge, nimefumba macho, nikafoka, "Mpe mwenzako jagi!"

Mmoja alipiga yowe akakimbilia mlangoni. Yule wa Busanza hakushtuka hata kidogo. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama kwa juu, akasema, "Mama, maiti hasemaga."

Walicheka mpaka wakaketi chini. Mimi pia nilicheka, ila kwa shingo upande, maana asubuhi ile nilikuwa nimeshasema mara tatu.

Tulipokuwa tunakunywa chai alinifuata pembeni. Nilidhani anakuja kuomba radhi. "Mama usikasirike," alisema, "lakini hii tabia nimeitoa kwako. Na wewe hauachaga mtu amalize. Ukiona mkono iko inachelewa, unanyang'anya."

Nilikasirika kweli. Nilirudi dukani, nikakaa kwenye cherehani, nikashona mshono uliopinda kama njia ya mbuzi, nikaufumua, nikashona tena. Nilikuwa nafikiria kundi langu mwenyewe la Remera. Tulipoanza tulikuwa tisa. Sasa tumebaki wanne, na kwa muda mrefu nilikuwa nasema wanawake wa siku hizi hawana moyo. Kila niliyemkumbuka kati ya wale watano walioondoka, nilimkumbuka na jagi ambalo mimi nilimpokonya mkononi. Niliona aibu, peke yangu, na sindano mdomoni.

Jumamosi ya mwisho, kabla sijalala, nilimwambia mbele ya wote, "Leo sisemi neno, litokee litakalotokea." Akaliweka jagi chini. "Na mimi leo sishiki jagi," alisema.

Jagi alipewa mmoja wa aliokuja nao, mwanamke mwoga aliyekuwa bado hajawahi kugusa maiti. Nilisikia akichota maji kwenye ndoo. Kisha maji yakaniangukia bega la kushoto. La kushoto! Kila mtoto wa madrasa anajua tunaanza upande wa kulia. Maneno yalinijaa kinywani, nikayauma. Nikamngojea yule wa Busanza alinyakue lile jagi, maana nilikuwa namjua.

Hakulinyakua. Nilisikia anavuta pumzi. Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei, "Dada, tunaanzaga upande gani?"

"Wa kulia," alijibu yule mwoga. Akazunguka benchi. Maji yakaja tena, safari hii kulia, mengine yakaniingia sikioni, nikanyamaza. Walinigeuza vibaya, kiwiko changu kikagonga ubao, nikanyamaza. Ilichukua muda mrefu kuliko maiti yoyote niliyowahi kuosha. Walipomaliza, yule mwoga alikuwa analia, lakini jagi alikuwa bado amelishika yeye. Niliinuka nimelowa, nikampigia imamu wa Busanza kabla sijabadilisha nguo.

Miezi ilipita. Asubuhi moja simu ya yule wa Busanza iliingia, na sauti yake ilikuwa ile ya msiba. Sikungoja aeleze. Nikachukua mkoba wangu wenye sanda, pamba na karafuumaiti, nikasimamisha pikipiki ya abiria, nikavaa helmeti na simu bado iko sikioni.

"Hapana, Mama, usije," alisema. "Nakuarifu tu. Ni jirani yetu, amefariki alfajiri. Tumeshamaliza."

Nilitazama saa. Haijafika hata saa nne. Nilimrudishia dereva helmeti yake, nikaketi kizingitini mwa duka na mkoba mapajani. Sitasema uongo, niliona wivu. Ulinichoma. Nikauliza nani alishika jagi. Akanitajia yule mwoga.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni," alisema. "Nilikuwa nazuia watu, ili wamalize vizuri."

Wivu ukaondoka, nikabaki na machozi. Nikamwambia, "Basi mwanangu, zamu yangu ikifika, simama mlangoni hivyo hivyo."

"Nitasimama, Mama," alisema. "Lakini siku hiyo na wewe unyamaze."