Wifi yangu amegeuza kilio cha mwanafunzi wangu Mkorea kuwa kichekesho

Admin, naomba unifiche jina, maana hapa Laurel tunajuana wote. Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nina mume na watoto watatu, natoka Kenya, na kazi yangu huku Maryland ni kutunza wazee majumbani mwao. Shule niliishia kidato cha pili. Leo nawaandikia nikiwa na kinyaa ambacho hakinitoki, hata chakula nakisukuma tu kwenye sahani.

Kanisa letu linatumia jengo moja na Wakorea. Wao wanaabudu asubuhi, wakitoka sisi tunaingia. Miaka yote tumekuwa tukipishana mlangoni, tunainamiana vichwa na kutabasamu, basi. Siku moja mama mmoja mtu mzima, nitamwita Mama Han, alinishika mkono akaniomba kwa Kiingereza cha kuokoteza nimfundishe kuongea. Nikamwambia mimi si mwalimu. Akasema, wewe unaongea polepole, mimi nasikia. Jumapili iliyofuata akaja na wenzake.

Basi nikaanza kutafuta mtandaoni. Ziko video za bure za mazungumzo: mtu anauliza swali, halafu video inanyamaza ili mwanafunzi ajibu. Lakini nyingi ni za hoteli na uwanja wa ndege, na hawa ni mabibi waliofika Marekani kabla yangu, wamefua na kushona nguo za watu mpaka mgongo umepinda, hoteli ya nini? Walirudia maneno vizuri sana, ila tukizima tableti wanabaki kimya. Wanaona aibu kukosea mbele ya mwenzao aliyewazidi umri. Ndipo nikawaletea desturi yetu ya ushuhuda. Tunatazama somo, kisha kila mmoja anasimama kusimulia jambo lililompata wiki hiyo, na hakuna kumkatiza wala kumsahihisha mpaka akae. Niliwaahidi kwamba yanayosemwa mle ndani yanabaki mle ndani. Wapendwa, hapo ndimi zilifunguka.

Mambo ya mitambo siyawezi, kwa hiyo aliyekuwa ananisaidia kufungua video, na kuwaunganisha kwa simu wale wasioweza kutoka nyumbani, ni wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Tunaishi naye. Ana ukurasa wake wa vichekesho mtandaoni.

Mwezi uliopita Mama Han alisimama. Alisema yeye na mjukuu wake hawana lugha, kijana hajui Kikorea, na yeye Kiingereza kilikuwa kinamshinda. Akafanya mazoezi na zile video wiki nzima, akampigia. Kijana akasikiliza kidogo, akamwambia, ngoja bibi nikupe baba. Mama Han alilia pale mbele yetu, akamalizia huku analia, kwa Kiingereza, hakurudi kwenye lugha yake hata mara moja. Sote tulilia. Mimi hasa, maana watoto wangu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza.

Wiki jana nikiwa kazini Oxon Hill, nikafungua grupu ya kanisa. Nikasikia sauti ya Mama Han. Kumbe wifi alikuwa anarekodi darasa. Kwenye video ni yeye wifi, jikoni kwangu, amevaa aproni yangu, amevuta macho kwa vidole, anachezesha mdomo kufuata sauti ya yule mama. Pale anapolia, amewekea muziki wa kudensi. Chini yake ni vicheko, vicheko. Shemasi wetu ameandika, "Mwalimu mwenyewe ni form two, mlitegemea nini?" Na mwenyekiti wa akina mama, ambaye naye anatunza wazee, na mgonjwa alimkataa kwa sababu ya matamshi yake ya Kiingereza tukakesha tukimwombea, naye anacheka. Nikaenda kunawa uso.

Nyumbani nikamwambia aitoe kwenye ukurasa wake. Hakuinua hata kichwa.

"Wifi, si ulisema ni ushuhuda? Ushuhuda ni wa watu wote. Na sura yake sijaionyesha."

Nikamwambia mjukuu atamtambua kwa sauti. Akasema watu wameipenda, hawezi kuifuta sasa hivi. Nilidhani mume wangu atasimama nami. Kumbe alishaitazama, na alishacheka.

"Mama watoto, huyo ni damu yangu. Siku ukifa, Wakorea ndio watakuzika?"

Nikampelekea mchungaji. Akasema hayo ni mambo ya familia, tuyaweke kwenye maombi. Na binti yangu akaniambia, kwa hicho Kiingereza chake, kwamba shuleni kwao watoto wanatumiana hiyo video. Ni shule anayosoma mjukuu wa Mama Han.

Yeye Mama Han hajui lolote. Juzi alinipigia kwa furaha kwamba mjukuu amekubali kuja kula naye Jumapili jioni, baada ya ibada zote mbili, na anataka kumsimulia mwenyewe, kwa mdomo wake, jinsi alivyoumia siku ile ya simu. Ameniomba nikae kando yake nimtie moyo.

Nikimwambia ukweli, namjua, atanyamaza, hatafungua tena mdomo mbele ya mtu, na mimi ndiye niliyemhakikishia kwamba pale ni salama. Nisipomwambia, nitakaa pale nikimwambia sema mama, usiogope, na huyo kijana mbele yake labda ameshaicheka sauti hiyo kwenye simu. Halafu narudi nyumbani kumpakulia wifi chakula.

Wenzangu, Jumapili ndiyo hii inakuja. Nielekezeni, nifanyeje? Nimwambie kabla kijana hajafika? Na mniambie na maneno yenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuongea, na hili sijui linasemwaje.